Kifuniko cha Tisa

Kiki ya mia ngapi hata sijui, maana Futi mwenyewe aliacha kuhesabu tangu wiki ya pili. Alikanyaga kwa uzito wake wote. Injini ikakohoa mara moja, kho, kisha ikarudisha teke lililomgonga kifundo cha mguu hadi akaona nyota. Halafu ikanyamaza, pikipiki imetulia zake juu ya stendi kama haijamkosea mtu.

"Tena," akasema baba yake kutoka kitini.

"Baba, mguu huu si wa kukodi."

"Mara moja tu, mama. Nisikie vizuri."

Akapiga tena. Kho! Teke. Kimya. Baba yake akainamisha kichwa upande wa kulia, upande wa sikio lake zuri, akakaa hivyo kitambo huku vidole vyake vikipapasa goti la suruali.

"Pengine kabureta," akasema mwishowe. "Ifungue tuione."

Kabureta! Jamani, kabureta ilikuwa imeshafunguliwa mara nne, ilikuwa safi kuliko vikombe vya jikoni. Futi alishika ukingo wa meza akafumba macho, asije akatamka neno ambalo mtoto hamwambii mzazi wake.

Sasa, usije ukadhani namwonea mzee wa watu, ngoja nikueleze. Mtaani walimwita Sikio. Alikuwa fundi wa pikipiki miaka arobaini, na sifa yake ilikuwa moja: chombo kikipita barabarani, yeye yuko ndani anakunywa chai, angekwambia plagi ya huyo imechoka, cheni ya yule imelegea, na dereva wa tatu kagombana na mkewe. Hilo la mwisho lilikuwa utani, ingawa mara nyingi alipatia. Presha ya macho ilipompofusha, ilianza na jicho la kushoto kisha la kulia, watu walimpa pole, naye akawajibu kwamba injini hazitazamwi, zinasikilizwa. Mtu wa namna hiyo, wiki sita nzima, anaambiwa kho na injini yenye silinda moja tu, halafu anasema "pengine"? Thubutu! Futi hakuwa mjinga. Wasiwasi ulikuwa umeshamwingia siku nyingi.

Futi mwenyewe alikuwa mpima ardhi. Jina la utani alilipata akiwa na miaka saba, kwa sababu alitembea na futikamba ya baba yake shingoni akipima kila kitu, hadi miguu ya wageni. Alikua, akasoma, akaenda mjini, kilomita mia mbili na kidogo kutoka hapo, akawa mtu wa kuweka vigingi pale barabara zitakapopita. Kisha mama akaugua. Simu ilipigwa Jumatano, Futi akasema amalize kipande cha kazi kilichobaki, angefika Ijumaa. Alifika Ijumaa. Mama alikuwa ameaga Alhamisi alasiri.

Mkuu wake wa kazi alikuwa muungwana. Alimpa likizo ya mwaka mmoja bila mshahara amtunze mzee, na akamwambia wazi kwamba mwaka ukiisha nafasi itapewa mtu mwingine. Mwaka huo sasa ulikuwa umebakiza siku tisa. Jumatatu itakayofuata baada ya hapo, saa mbili asubuhi, Futi awe mezani kwake, au basi.

Na pikipiki? Pikipiki ilikuwa ya mama. Ndogo, nyekundu, ya michezo, ya zile unazozilalia tumbo ukiziendesha, injini yake ikinywa petroli iliyochanganywa na oili. Mama aliinunua akiwa msichana, watu wakashangaa, na ndiyo iliyomfikisha kwa fundi Sikio. Kijana wakati ule, fundi aliikalia pikipiki ile wiki tatu kwa kazi ya siku moja ili mwenyewe awe anakuja kuuliza. Hadithi hiyo ilisimuliwa nyumbani kila mwaka na kila mwaka watu walicheka. Baadaye watoto wakaja, pikipiki ikasukumwa kona, ikalala miaka ishirini na mitano chini ya turubai. Kabla hajafa, mama alisema neno moja tu kuihusu: "Hiyo ni ya Futi."

Basi baada ya matanga, mzee na binti yake walipatana. Wataifufua. Yeye atakuwa sikio, Futi atakuwa macho na mikono. Siku itakapowaka na kupita ukaguzi, Futi ataondoka nayo, na Shangazi, dada wa mzee, mjane wa nyumba ya tatu, atahamia. "Ikiwaka, nenda," mzee alisema. "Sitakushika nguo." Shangazi naye alifunga begi lake mwezi wa tatu, na tangu hapo akawa anatoa nguo moja moja za kuvaa na kuzirudisha.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ndivyo wasemavyo. Futi hakuwa mgeni, alikuwa kwao, na kamba alikuwa nayo vilevile. Alilala kwenye kitanda chake cha shule, nyayo zikining'inia nje. Chumba chake kilikuwa mita tatu na sentimita arobaini kwa mbili na themanini. Alikipima mara ya kwanza kwa mazoea, na mara ya pili kwa hasira. Dirisha lilitazama ukuta. Kutoka kitandani hadi jikoni hatua kumi na moja, jikoni hadi karakana hatua tisa, na akifika hatua ya saba, popote alipokuwa akienda, sauti ingeita: "Futi! Upo?" Yupo wapi pengine? Kila Jumapili kaka yake mkubwa, ambaye tangu mazishi hajakanyaga hapo, alituma ujumbe wa sauti: "Dada yangu, Mungu akuzidishie. Baba ana bahati sana." Futi alikuwa akiusikiliza akiwa anasugua masufuria, akimjibu maneno ambayo simu haikuyarekodi, kwa bahati nzuri.

Lakini kazi waliifanya, tuseme ukweli. Kutu ya tangi waliitoa kwa kutia kokoto na maji ya sabuni na kulitikisa siku mbili hadi mabega yakavimba. Silinda ilichongwa kwa fundi wa mashine, ikatiwa pistoni mpya. Futi alisuka nyaya zote upya, taa ya mbele, ya nyuma, honi, kila waya na rangi yake, na mzee akazipitia kwa vidole akasema, "Mama yako angependa." Siku hiyo Futi alienda kusimama nyuma ya nyumba kidogo, akarudi macho mekundu, akijua hayaonekani.

Na walifanya kazi kwa mtindo wa mzee. Mezani vilipangwa vifuniko kumi na viwili vya chupa za jemu, mstari mmoja, kushoto kwenda kulia. Kinachofunguliwa kwanza kinawekwa katika kifuniko cha kwanza, cha pili katika cha pili, hadi mwisho. Wakati wa kufunga unarudi kinyume, kulia kwenda kushoto, na kila kifuniko ukikimaliza unakifudikiza, mdomo chini. Usipige kiki mpaka vyote kumi na viwili vimefudikizwa. Kwa hiyo katika karakana ile, kwa miaka arobaini, haikuwahi kubaki hata nati moja mezani. Jioni, baada ya chakula, mzee alipitisha mkono juu ya mstari wote, kifuniko kimoja kimoja, ndipo akaenda kulala.

Wiki sita nyuma walifika sehemu ya mwisho, gurudumu la sumaku, lile linalozaa cheche. Gurudumu hilo hukaa kwenye ekseli ya injini, na kinacholiambia likae wapi ni kipande cha chuma cha umbo la nusu mwezi, kidogo kama ukucha wa mtoto. Pale karakana walikiita kikucha. Kikiwepo, cheche inakuja kwa wakati wake. Kisipokuwepo, nati itakaza vizuri tu, kila kitu kitaonekana sawa, ila cheche itakuja ovyo na injini itakohoa na kupiga mateke. Futi alifunga, akafudikiza vifuniko vyote, akapiga kiki. Kho. Tangu siku hiyo mpaka leo, ni kho.

"Nyinyi kuna jambo mnafichana," Shangazi alisema alipokuja kuchukua chumvi, na kila mara alikuja kuchukua chumvi. "Mficha uchi hazai."

"Shangazi, ni injini."

"Mimi nimesema injini si injini? Haya, Mungu awasaidie. Mimi begi langu liko mlangoni."

"Dada, begi lako limeshachoka kusafiri," mzee akasema.

"Halijachoka kukungoja wewe!"

Haraka haraka haina baraka, mzee alimwambia binti yake baada ya Shangazi kutoka. Mvumilivu hula mbivu. "Mbivu yenyewe imeshaoza, baba," Futi akajibu, na akaifungua kabureta mara ya tano.

Kesho yake, Jumamosi, alifua. Alikuwa na desturi ya kugeuza mifuko yote, maana mzee husahau misumari. Katika mfuko wa shati la kijivu la kazi, chini kabisa penye uzi na vumbi, kidole chake kiligusa kitu baridi. Alikitoa. Kikucha.

Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa vizuri mno, na damu ikampanda kichwani. Kikulacho ki nguoni mwako! Wiki sita za mateke ya mguu. Wiki sita za "pengine kabureta." Kumbe mzee anacheza mchezo wake wa ujana, kuishikilia pikipiki ili mtu asiondoke, na safari hii mtu mwenyewe ni mtoto wake wa kumzaa! Aliacha nguo beseni, akaingia karakana mikono ikichuruzika povu.

"Baba. Nyoosha mkono."

Mzee akanyoosha. Futi akakiweka kikucha kiganjani. Mzee hakujifanya hajui, hilo tumpe.

"Umefua," akasema.

"Nimefua! Wiki sita, baba! Umekaa hapo unaniangalia..."

"Kuangalia siwezi."

"Usinitanie! Unanisikiliza navunjika mguu, na dawa iko mfukoni mwako! Kwa nini usiseme tu hutaki niende? Sema, 'Futi, usiende.' Mimi nina maisha yangu, baba! Nina kazi, nina siku nane! Umenifungia humu kwa kipande cha chuma kisichofika hata gramu tano!"

Alilia akisema, alisema akilia, mpaka pumzi ikamwishia.

"Umemaliza?" mzee akauliza taratibu.

"Sijamaliza!"

"Basi malizia. Nitangoja."

Futi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifuta uso kwa mkono wenye povu, macho yakamwasha.

"Nilikikuta kwenye kifuniko cha tisa," mzee akasema.

"Haiwezekani. Nilivifudikiza vyote mimi mwenyewe. Kumi na viwili."

"Ndiyo. Ulivifudikiza vyote. Nikapitisha mkono jioni, kama siku zote. Cha tisa kikalia. Nikakiinua, kikucha kilikuwa chini yake."

Futi akageukia meza, akatazama mstari wa vifuniko.

Kwa maana mkono hausahau. Siku ile alikuwa ameanza kufunga gurudumu pale simu ilipolia. Mkuu wake. Alikuwa na furaha: kuna barabara mpya, kazi kubwa, nakuhitaji wewe hasa, tarehe ni ileile. Futi akashukuru, akakata simu, akarudi mezani. Alikumbuka kifuniko cha kumi. Alikumbuka mkono wake ukienda kwenye cha tisa, ukakigeuza juu ya kile kilichokuwa ndani yake. Alikumbuka mlio. Tik. Chuma kwenye ubao.

Alikuwa ameusikia. Mtoto wa Sikio, angekosaje kuusikia? Alisikia tik, akaenda cha nane.

"Siku ya kwanza nilidhani umechoka," mzee akasema. "Nikakitia mfukoni kisipotee, nikasema kesho ataniuliza. Kesho ikaja, hukuuliza. Fundi akipata kho na teke, kitu cha kwanza anafungua sumaku. Hilo nilikufundisha una miaka kumi na miwili. Ukafungua kabureta. Ukafungua ekzosi. Ukabadilisha plagi. Sumaku hukuigusa. Nikajua hukuchoka."

"Na wewe ukasema kabureta!"

"Na mimi nikasema kabureta," mzee akakubali. "Kwa sababu ilinifaa. Wewe ulificha, mimi nikanyamaza, tukawa wezi wawili wa kitu kimoja. Unajua ile hadithi ya wiki tatu? Mnaicheka kila mwaka, lakini hamjaisikia yote. Mama yako naye, kila akija kuuliza, alikuwa akiulegeza waya wa plagi mwenyewe nikimpa kisogo. Nilijua. Sikumwambia mpaka una miaka mitano."

Futi angecheka siku nyingine.

"Naogopa, baba," akasema. Alijishangaa kulisikia neno hilo likitoka. "Mara ya mwisho nilipotoka humu mama alikuwa mzima. Alisimama pale getini. Nilimwambia nitarudi likizo. Sasa nikitoka tena, nawe umesimama pale..."

Mzee alitafuta kichwa cha binti yake hewani, akakipata, akaacha mkono wake pale. Walikaa hivyo hadi povu likakauka mikononi mwa Futi.

"Mimi pia naogopa," mzee akasema. "Lakini hofu ya mtu mzima haitibiwi kwa kumfunga mtoto. Nipe kitambaa. Fungua sumaku."

Alifungua. Gurudumu likatoka, kikucha kikaingia kwenye mkato wake, gurudumu likarudi, nati ikakazwa. Safari hii alivifudikiza vifuniko kimoja kimoja akitaja namba kwa sauti, na cha tisa alikiinua mara mbili akitazama chini yake. Akapiga kiki mara moja tu.

Lo! Sauti ikajaa chumba, kali, ya juu, moshi wa samawati ukatanda hadi darini. Mzee akasimama, akapapasa hadi kwenye tangi, akaweka kiganja juu yake, akacheka kicheko ambacho Futi hakukisikia tangu mazishi. Mara mlangoni akatokea Shangazi na begi lake.

"Kwa hiyo ilikuwa kabureta?" akapiga kelele.

"Kabureta!" baba na mtoto wakajibu pamoja.

Jumatano aliipeleka kwenye ukaguzi. Mkaguzi aliizunguka mara tatu, akabonyeza breki, akawasha taa, akapiga honi, akauliza kama anaruhusiwa kuikalia kidogo. Alipoteremka akagonga muhuri. Futi akarudi na karatasi akiwa amekata tamaa na kufurahi kwa mpigo mmoja, maana kisingizio cha mwisho kilikuwa kimekwisha.

Jumamosi asubuhi akafunga mzigo nyuma ya kiti. Mzee alisimama getini, pale pale.

"Pistoni mpya haijazoeana na silinda," akasema. "Kilomita mia tano za mwanzo usizungushe mkono wa mafuta zaidi ya nusu. Nitakusikia."

"Nitakwenda polepole."

"Nenda, mama."

Barabara ya mtaa ule ni moja, imenyooka kilomita nzima hadi njia panda. Kushoto ni mzunguko wa kurudi sokoni na nyumbani, kulia ni barabara kuu. Kwa mwendo ule wa nusu mkono, kilomita moja ni safari. Futi alijua kila gia anayobadilisha inasikika getini, kila anapopunguza kukwepa shimo, mzee anapunguza naye. Hakugeuka nyuma. Alipofika njia panda hakukuwa na gari upande wowote. Alisimama hata hivyo. Mkono wake ukashuka, ukageuza ufunguo, injini ikazima.

Alikaa juu ya pikipiki, miguu yote chini, akitazama kulia.

Simu ikatetemeka mfukoni. Akavua helmeti, akapokea. Ilikuwa namba ya Shangazi, lakini aliyesema ni baba yake.

"Futi. Imezima yenyewe, au umeizima?"

Angeweza kusema imezima. Pikipiki ya kale, pistoni mpya, nani angebisha?

"Nimeizima mimi, baba."

Upande wa pili akasikia pumzi, na Shangazi akiuliza "Anasemaje, anasemaje?" na kunyamazishwa.

"Vizuri," mzee akasema. Akakohoa kusafisha koo. "Nimeshika kifuniko cha tisa hapa mkononi. Nimekikung'uta, hakina kitu. Piga kiki, mwanangu, mimi sijaingia ndani bado."

Futi alivaa helmeti, akawasha ufunguo, akapiga kiki. Ilipowaka aliishikilia pale kitambo, ili mzee aisikie vizuri, kisha akakata kulia.